Zege Nililomwaga Chini ya Mkuyu

Niliulizwa swali moja tu: "Fundi Lugano, wewe unajua kaburi la Malafyale lilipo?" Nikajibu, "Najua." Tangu siku hiyo nimelirudia jibu lile mara nyingi nikiwa peke yangu kwenye migomba, nikijaribu kulibadilisha. "Sijui." Neno fupi hivyo, mtoto wa chekechea analiweza. Mimi nilikuwa na mvi kichwani, fundi wa mawe niliyejenga nusu ya kuta mnazoziona kutoka Kinyala hadi Mpuguso, na sikuliweza.

Kwa ninyi vijana mliokulia Mbeya na Dar mkaja huku kujifunza ufundi, nianze na hili. Malafyale ndiye chifu wetu sisi Wanyakyusa. Mmoja wao, wa zamani sana, alizikwa kwetu Kinyala kwenye msitu mdogo wa mikuyu. Hakuwekewa jiwe wala jina. Ukoo wetu ulipewa kazi ya kuutunza msitu ule na kujua amelala chini ya mti upi. Kazi ilikuwa ya baba yangu, kisha ikawa ya kaka yangu Asajile. Walioniuliza walikuja kwangu, hawakwenda kwa kaka. Hapo tu nilitakiwa nishtuke.

Lakini mmeniomba niandike juu ya kazi, nami nitaandika juu ya kazi. Hayo mengine yatajiingiza yenyewe.

Mawe nilifundishwa na Mzee Yusufu, fundi wa Tukuyu mjini, Mwislamu wa swala tano, mwenye duka la misumari alilomwachia mkewe kwa sababu yeye alichukia kukaa. Hakuwa na pima maji. Alikuwa na timazi ya kamba na kipande cha chuma, na alikuwa na makalio. Ukuta ukikauka aliugeuzia mgongo, akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga kwa makalio kwa nguvu zake zote. "Ukuta unaoogopa matako ya mzee," alisema, "utaiweza masika ya hapa?"

Ukuta wangu wa kwanza niliujenga kuzuia udongo nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa chai. Mzee Yusufu akaja, akaupiga, akaenda nao. Tulimkuta amekaa katikati ya shamba la viazi, kofia bado iko kichwani, mawe yamemzunguka. Nilidhani atanifukuza. Alijipangusa taratibu.

"Lugano."

"Naam, mzee."

"Umejenga kuta mbili. Ya mbele na ya nyuma. Zimesimama pamoja wiki nzima na hazijasalimiana."

Ndivyo nilivyojifunza mshikizi, yaani lile jiwe refu linalolala kukatisha ukuta mzima, kichwa mbele na miguu nyuma. Weka moja kila hatua moja, kila mistari mitatu. Siku hizi nawaona mkipanga mawe mazuri usoni, katikati mnajaza kokoto na zege. Ukuta huo ni sanduku. Maji yataingia, yatakosa pa kutokea, na mvua ya Tukuyu haina haraka. Inaishi hapa, sisi ndio wageni. Acheni vitundu vya kutolea maji. Jiwe nalo lina uso na lina tumbo; uso nje, tumbo ndani. Ukikosea jiwe halitalia, litakungoja.

Neno la pili la Mzee Yusufu lilikuwa hili: kabla sururu haijagusa ardhi, muulize mwenye ardhi. Nilidhani anazungumzia mipaka ya mashamba.

Baadaye likaja kosa la saruji. Saruji ilipoanza kupatikana kwa urahisi tuliipenda kama watoto wanavyopenda sukari. Nilipewa nyumba moja ya mawe ya enzi za Wajerumani, kuta nene kama mwili wa ng'ombe, niirekebishe. Nikabandua chokaa ya zamani yote, nikapiga lipu ya saruji, nikailainisha mpaka mwenye nyumba akajitazama kama kwenye kioo. Baada ya masika mbili lipu ilivimba, ikadondoka mabamba kwa mabamba, na mawe yaliyokuwa salama miaka yote hiyo yakatoka nayo yakiwa yamelika. Mwenye nyumba aliniita, akanionyesha kwa kidole. Sikujua sababu. Nilikuja kuambiwa sababu mbali sana na hapa.

Kanisa letu lilikuwa na urafiki na kanisa la mji mmoja mdogo huko Uskoti. Jina la mji nitaliacha, maana nilichokifanya si kosa lao. Walitaka fundi mmoja aende kwao wiki tatu akaone wanavyotunza majengo ya kale. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne na Kiingereza cha kuombea maji.

Nilishuka kwenye basi mvua ikinyesha, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa, mlima hauonekani. Nikasema, jamani, nimezungushwa nikarudishwa Tukuyu! Ila hapakuwa na mgomba hata mmoja.

Mji wenyewe ni mtaa mmoja mkubwa, nyumba nyeupe zimepangwa kama meno, mbele yake maji ya ziwa refu jeusi. Kuna jela ya kale ambayo sasa ni makumbusho. Ndani wamekalisha wafungwa wa sanamu, na mimi nilimsalimia mmoja. Kuna kanisa katikati ya njia lililojengwa na ukuta ndani yake, upande huu watu wasali kwa Kiingereza, upande ule kwa lugha yao ya nyumbani. Nilicheka, nikawaza wazee wetu na Kinyakyusa chao. Na nje kidogo, kwenye majani, lipo kasri la bwana mkubwa wao, lina minara minne ya duara na mawe ya rangi ya kijani iliyopauka. Ukoo wake umeishi hapo vizazi na vizazi, na mpaka leo yumo.

Mwenyeji wangu alikuwa fundi mzee aitwaye Angus, mikono yake kama yangu. Ndiye aliyenieleza habari ya saruji. Alichukua jiwe, akalitia maji, akalipulizia. "Linapumua," alisema. "Chokaa inaliacha lipumue. Saruji inaliziba pua." Nikaikumbuka ile nyumba ya Wajerumani, nikaona aibu mbele ya mtu ambaye hakujua nilichokifanya. Andikeni hili: nyumba ya chokaa irekebishwe kwa chokaa.

Tulipokuwa juu ya ukuta wa kasri nilimsifia mji ulivyonyooka. Angus akasema umenyooka kwa sababu haukuota, ulipangwa. Zamani mji ulikuwa pale, akanyoosha mkono kwenye majani matupu mbele ya kasri. Bwana mkubwa alipojenga nyumba mpya hakutaka mji karibu na madirisha yake. Ukahamishwa.

"Mji mzima?"

"Mzima."

"Watu walisemaje?"

Angus alicheka kidogo. "Walisema ndiyo, bwana."

Nilishtuka mpaka nikashika ukuta. Nilitazama yale majani, kondoo wanakula, huwezi kujua kama pana mtu aliwahi kupika pale. Niliapa moyoni kwamba kitu kama hicho nisingekifanya mimi.

Siku iliyofuata alinipeleka kwenye kikanisa wanakozikwa wakubwa wao. Wamelala kwenye jiwe, wamechongwa mpaka vidole, mikono kifuani, na mmoja ana mbwa wa jiwe miguuni. Chini majina yao. Nilisimama pale nikamfikiria Malafyale wetu chini ya mti, hana hata herufi. Nilisikia uchungu. Nilidhani ni uchungu wa heshima. Leo najua ulikuwa wivu wa fundi: nilitaka kujenga kitu kama kile.

Niliporudi niliongea. Niliongea kanisani, niliongea sokoni Mpuguso, niliongea kwenye misiba. Watu walianza kuniita Uskoti. Ndipo kamati moja iliyotaka kuleta watalii ikaja kwangu na lile swali, nami nikajibu najua.

Nilijua, kwa sababu baba alinionyesha. Mwaka mmoja kabla hajafa alinishika mkono, akanipeleka hadi mkuyu wa kwanza unaouona ukiingia msituni, mkubwa, umeinama kidogo kuelekea njia. "Malafyale amelala hapa," alisema. "Umeona?" Nikasema nimeona.

Kabla ya kuanza nilikwenda kwa kaka. Alikuwa anamenya maharage barazani, amevaa shati lake la mikono mirefu, jua au mvua.

"Ugonile, kaka," nilimsalimia.

"Ndaga. Naona Uskoti imefika."

"Nataka kumjengea Malafyale."

"Amekwambia anavujiwa?"

"Kaka, usinitanie. Wenzetu wakubwa wao wana mawe, wana majina. Wa kwetu watoto wanampita wakidhani ni kichaka cha kuni."

"Basi wanampita vizuri. Huo ndio ulinzi wake." Aliweka ungo chini. "Lugano, acha."

"Nipe sababu."

"Sababu ndiyo nisiyoweza kuisema."

"Aa, kaka! Mtunzaji wa siri isiyo na maneno! Hata mti ninaujua. Baba alinionyesha mwenyewe."

Aliniangalia. Sijawahi kuona uso ule kabla wala baadaye. Haukuwa na hasira. "Alikuonyesha," alisema. "Haya. Nimekuomba mara moja, nakuomba ya pili. Acha."

Hakuomba ya tatu. Nami nilitoka nikijisifu kwamba nimemshinda kwa hoja. Mwenye ardhi nilikuwa nimeshamuuliza, akajibu, na bado nikachukua sururu.

Kazi yenyewe niieleze, msije mkairudia. Ardhi pale ina mteremko. Ili jukwaa la kaburi likae sawa nilichimba upande wa juu, na upande wa juu ndiko mizizi minene ya mkuyu ilikojishikilia. Nikakata mitatu. Ilikuwa minene kama paja. Utomvu mweupe ulitoka ukajaza mtaro, nikaufunika kwa udongo ili vibarua wasiogope. Sikutumia chokaa. Ndiyo, mimi niliyepulizia jiwe na Angus! Kamati ilitaka zege, linakauka haraka, na siku ya uzinduzi ilikuwa imepangwa. Nikasuka nondo, nikamwaga zege kuzunguka shina lote. Juu nikalaza bamba la jiwe nililolichonga kwa tindo wiki mbili: HAPA AMELALA MALAFYALE. Chini yake, herufi ndogo, jina langu. Fundi hasaini kaburi la mtu. Mimi nilisaini.

Wageni wa Uskoti walikuja kwenye uzinduzi, na Angus akiwa nao. Kwaya iliimba, tulikula ndizi na nyama. Wakati wengine wanapiga picha, Angus alizunguka mti peke yake, akagonga zege kwa kifundo cha kidole, akatazama juu kwenye majani.

"Mizizi iko wapi?" aliniuliza.

"Ipo chini."

Alinishika bega kama mtu anavyoshika bega la mfiwa. Nami nilidhani ananipongeza.

Kaka hakuja.

Masika ya kwanza mkuyu ulipoteza majani upande mmoja. Masika ya pili upande wa pili. Nilisema ni ugonjwa. Masika ya tatu, asubuhi moja ya upepo na mvua, mke wangu aliniita nikiwa nanoa tindo: watu wanapita mbio kwenda msituni. Nilifika nikihema. Mkuyu ulikuwa umelala kukatisha njia, na ulipoanguka uling'oa kila kitu kilichofungwa kwenye shina. Zege lilikuwa limesimama wima hewani kama mlango, nondo zimejikunja, bamba langu limepasuka kati. Kipande kimoja kilisomeka HAPA AME. Chini palikuwa na shimo jekundu linalovuja maji.

Ndani ya shimo palikuwa na mifupa. Haikuwa mingi, ilikuwa na rangi ya chai. Kwenye mmoja, wa mkono, palikuwa na bangili nzito ya shaba iliyosokotwa, imegeuka kijani. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Mimi, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa: basi nilisema kweli, Malafyale alikuwa hapa.

Kaka alifika akitembea polepole, watu wakampisha. Alisimama ukingoni akatazama. Kisha akakunja ule mkono mrefu wa shati ambao tangu ujana sikuwahi kuuona umekunjwa. Kwenye mkono wake palikuwa na bangili. Ilikuwa ya shaba iliyosokotwa vilevile, pacha na ile ya shimoni.

"Shikamoo, babu," alisema. Alikuwa anaongea na shimo.

Sikuelewa. Nilimshika shati. "Kaka, babu gani?"

Alinivuta pembeni, mbali na watu, lakini si mbali sana, kwa sababu siri ilikuwa imeshaanguka na mti.

"Babu yetu. Baba yake baba. Kila mtunzaji anazikwa chini ya mkuyu wa mbele, ili anayemtafuta Malafyale amkute mtunzaji kwanza. Humo wamo wengine chini zaidi; baba peke yake ndiye kanisa lilimzika makaburini."

"Lakini baba alinionyesha! Alisema Malafyale!"

"Katika ukoo wetu watoto wa kiume wote huonyeshwa mti. Anayejua kunyamaza anaonyeshwa wa Malafyale mwenyewe. Anayependa kusema anaonyeshwa wa mbele." Sauti yake haikupanda. "Baba alikupenda, Lugano. Alikupa mti unaokufaa."

Vijana wangu, nimeangukiwa na jiwe mguuni, nimedondoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nimemzika mtoto. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale. Baba alikuwa amenipima kwa macho tu na kuona nitakapobomokea. Na kaka alijua siku ile barazani. Kusema "siyo hapo" kungekuwa kuanza kuonyesha palipo. Kwa hiyo alikaa kimya nikimwagia zege babu yetu, nikiandika juu yake jina la mtu mwingine na chini yake la kwangu.

Nilivunja zege lile kwa nyundo yangu mwenyewe, siku tisa, sikukubali kibarua. Zege unalivunja kutoka pembeni ukifuata nondo, usianze katikati. Mifupa ya babu kaka aliirudisha yeye, mimi nikiwa nimeambiwa nisubiri njiani. Nilisubiri njiani.

Kazi ya kutunza ilitakiwa impate mtu baada ya kaka. Yeye alikuwa na mabinti, wote wameolewa mbali, na kwetu kazi hiyo hupita kwa wanaume. Kabla ya zege alikuwa ameanza kumwita mwanangu Ipyana shambani kwake kila Jumamosi, wanapalilia kahawa, hawasemi sana. Ipyana ni mtu wa kunyamaza. Alifanana na baba mkubwa wake kuliko na mimi. Sikujua anapimwa. Baada ya mti kuanguka, kaka hakumwita tena.

Alipougua alilazwa hospitali ya Igogwe. Nilikwenda na Ipyana mchana mmoja, tumebeba uji kwenye chupa. Kaka alikuwa amekonda, bangili imepanda karibu na kiwiko ili isidondoke.

"Kaka," nilisema, "mimi usiniambie kitu. Nitatoka nje. Mwambie Ipyana."

Alimtazama mwanangu kwa upendo, hilo nililiona kwa macho yangu. Kisha akanitazama mimi.

"Kijana ni mzuri," alisema. "Lakini nyumba yako ina mlango usiofungika. Atakwambia, kwa sababu wewe ni baba yake na utamwomba."

"Sitamwomba."

"Lugano. Niliomba mara mbili."

Nilitoka nje kweli. Nilikaa kwenye ukuta wa bustani, nikajikuta nauhesabia mishikizi. Ipyana alitoka baada ya muda mfupi na chupa mkononi. Nilimwangalia usoni, na hapo hapo, wanangu, nilifungua mdomo kumuuliza. Nilifungua mdomo! Akatikisa kichwa kabla sijasema. "Amekunywa uji, baba. Basi."

Kaka alifariki wiki ile. Alizikwa na bangili yake, nyuma ya nyumba yake, kwa sababu mkuyu wa mbele haupo.

Nimestaafu sasa, mikono inatetemeka, ukuta siwezi, makalio ya kuupiga ninayo bado. Watu huniuliza nilipata hasara gani, wakifikiri ni saruji. Nawajibu hivi. Lile "najua" lilinigharimu kaka, ambaye hakuniita ndugu tena mpaka anakufa. Lilimgharimu mwanangu kazi aliyozaliwa anaifaa. Na msitu bado upo pale Kinyala, mikuyu ishirini na kitu, Malafyale yuko chini ya mmoja wao, na hakuna mtu aliye hai anayejua ni upi.